Uluguru inahitaji wasomi wa jamii kabla ya mawakili

Hans Cory hakuwa mwanasheria. Alikuwa Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtaalamu wa elimu ya jamii, akazunguka kwa Wahaya na Wasukuma akiwauliza wazee nani anarithi nini, mahari hurudishwa lini, shamba la ukoo huuzwa kwa idhini ya nani. Aliyoyaandika yakawa vitabu, na baada ya Uhuru kazi yake ikawa miongoni mwa misingi ya Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alipoamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, anayo haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, alikuwa anapambana na aya za tamko hilohilo. Mzee mmoja mwenye daftari, asiyewahi kuvaa joho, ndiye aliyewapa majaji kazi ya miongo mitatu.

Tamko lile liliandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mluguru, ambaye ukoo wake ni wa mama, hakuandikiwa. Kwa hiyo mgogoro wa mirathi ukishuka kutoka Kinole au Matombo hadi Mahakama ya Mwanzo, hakimu hana kitabu cha serikali cha kufungua. Anawasikiliza wazee, anaangalia muhtasari wa kikao cha familia, anapima nani anasema kweli. Kwa maneno mengine, anafanya utafiti wa kijamii akiwa amekaa kwenye kiti cha mahakama, bila kufundishwa kazi hiyo na bila muda wa kuifanya.

Nimemtaja Cory kwa sababu ya swali ambalo kila aliyewahi kukaa na wanafunzi wa Morogoro analijua. Mji huu kasoro bahari una vyuo vya kutosha: Sokoine na kampasi yake ya Mazimbu, Mzumbe, Jordan, Chuo Kikuu cha Waislamu pale Msamvu. Ndani yake wamo vijana wengi wanaosoma sosholojia, maendeleo ya jamii, siasa na utawala, maendeleo ya vijijini. Wakifika mwaka wa pili wanaanza kuuliza kama mtu wa sayansi ya jamii anaweza kuingia kwenye sheria. Jibu wanalopewa ni fupi: rudi mwanzo, ukasome shahada ya sheria. Jibu hilo lina ukweli wake kwa anayetaka kuwa wakili. Kwa anayetaka kufanya kazi ya haki, linampoteza, na linaupotezea mkoa huu watu unaowahitaji sana.

Tuanze na joho, kwa kuwa ndilo linalowavutia wengi. Tanzania haina njia ya mkato ya kumgeuza mwenye shahada nyingine kuwa wakili. Atasoma shahada ya sheria, miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha ataingia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, ndipo aombe kuapishwa. Ukijumlisha na ile miaka mitatu ya sosholojia, ni miaka saba hadi minane kabla ya kusimama mbele ya hakimu na kusema neno kwa niaba ya mtu. Shule ya Sheria nayo si lelemama. Mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, 342 walipata sapu na 265 wakadisko. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Tulibishana wiki nzima redioni na vijiweni kama tatizo ni shule, ni vyuo, au ni watoto wenyewe, na kila mtu akabaki na lake.

Mwenye nia aende. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Morogoro, na mtu anaweza kusoma sheria huku akiendelea na kazi. Shahada yake ya kwanza haitaozea kabatini. Wakili anayejua jinsi jamii inavyofikiri humzidi asiyejua. Ila asidhani kwamba nje ya njia hiyo hakuna sheria. Huko milimani sehemu kubwa ya sheria iko nje ya njia hiyo.

Panda uone. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya zamani ilishikwa na ukoo, mkuu wa ukoo akigawa sehemu za kulima. Mwanaume aliyeoa aliweza kulima miaka thelathini shamba la ukoo wa mkewe na bado likawa la watu. Mgeni aliyepewa kipande cha kulima aliruhusiwa mahindi na maharage, lakini akianza kupanda miti ya kudumu watu walimtazama kwa jicho lingine, maana mti hudai ardhi kuliko mdomo. Juu ya utaratibu huo kumepita Uislamu, Ukristo, vijiji vya Ujamaa, soko la ndizi, viungo na mboga, na sasa hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hakuna tabaka lililofuta lililotangulia. Yote yapo, na kila mmoja katika ugomvi huchagua lile linalompa ushindi.

Chukua karatasi ya mauziano ya shamba, zile zinazoandikwa kwa peni kwenye karatasi ya daftari. Juu kuna tarehe na majina. Kisha mipaka: kaskazini mgomba wa fulani, kusini korongo, mashariki njia ya kwenda mtoni, magharibi mwembe. Chini kuna mashahidi watatu upande huu na watatu upande ule, dole gumba la mmoja, na mhuri wa serikali ya kijiji uliopigwa upande. Mwanasheria ataisoma na kuuliza kama mkutano mkuu wa kijiji uliidhinisha. Ni swali zuri. Swali ambalo lingeokoa ndoa na mahusiano ya majirani ni jingine kabisa: kati ya mashahidi hawa sita, nani ni wa ukoo wa mama wa muuzaji? Kama hakuna hata mmoja, karatasi hiyo ni kesi inayosubiri mtu afe.

Hata talaka hugeuka sura ikipanda mlima. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nchi nzima ilihitaji uamuzi ule, kwa sababu shamba na nyumba vilihesabiwa kuwa vya mume. Lakini mahali ambapo nyumba imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mke, swali linageuka: ni mume anayeondoka na begi, na ni mchango wake yeye, matofali yake na mikarafuu yake, unaotafutiwa thamani. Anayejua Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kichwa na hajui hilo atatoa ushauri safi na usiofaa.

Tulishawahi kuona gharama ya kutojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko kwa sheria ndogo na faini. Matuta hayakufaa kwa udongo ule, yalifukia rutuba, na watu waliona serikali inatengeneza njia ya kudai ardhi ya koo. Julai 1955 vurugu zikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa. Baadaye ndipo Roland Young, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali, walipoandika kitabu kueleza mambo ya ardhi na siasa kwa Waluguru. Kilitoka mwaka 1960. Msomi wa jamii aliitwa kuandika sababu za ajali. Kabla ya ajali hakuulizwa.

Sasa nifike ninapotaka kufika, kwenye baraza la kata. Kwa miaka mingi, chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, baraza la kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua migogoro midogo ya ardhi kama mahakama. Mwaka 2021 Bunge likaliondolea mamlaka hayo. Kazi iliyobaki ni moja, usuluhishi. Mgogoro unafika, wajumbe watatu wanakaa, mmoja wao lazima awe mwanamke, na wana siku 30. Wakisuluhisha, yameisha. Wakishindwa, wanatoa hati ya kusema wameshindwa. Siku 30 zikipita kimya, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo.

Wanasheria wengi walilipokea badiliko hilo kwa furaha, na walikuwa na sababu. Maamuzi ya mabaraza ya kata yalikuwa yanatenguliwa kila siku kwa akidi pungufu, kwa majina ya wajumbe yasiyoandikwa, kwa mtu kuamua kesi ya binamu yake. Lakini Bunge likiondoa uamuzi na kuacha usuluhishi, maana yake limeondoa kazi ya mwanasheria na kuacha kazi ya msomi wa jamii. Kusuluhisha ni kujua nani anazungumza kwa niaba ya nani, mjomba gani hajaitwa, ugomvi wa mpaka unaficha ugomvi gani wa mirathi wa mwaka juzi. Ni kujua kukaa kimya. Ni kuandika maelezo ya pande mbili kiasi kwamba kila upande ukisomewa unasema ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Hayo ni masomo ya mwaka wa pili wa sosholojia: mahojiano, ukoo na undugu, utatuzi wa migogoro.

Ukiangalia nani anashika kalamu pale, utakuta ni katibu wa baraza. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inaipa halmashauri jukumu la kumteua. Katika kata nyingi kiti hicho kinachukuliwa kama kazi ya ziada, ya kumbandikia yeyote mwenye mwandiko unaosomeka. Pendekezo langu ni kwamba Halmashauri za Morogoro na Mvomero zikifanye kuwa ajira kamili, kwa mhitimu wa sayansi ya jamii aliyepewa miezi sita ya mafunzo ya sheria ya ardhi, ndoa na mirathi. Tchenzema, Nyandira, Bunduki, Kikeo, Kinole, Tegetero, Tawa: kata hizi si nyingi kiasi cha kufilisi halmashauri. Hesabu nauli ya mkulima wa Kikeo anayeshuka mjini wakati wa masika kufuata Baraza la Wilaya, kesi inaahirishwa, analala, anarudi, anashuka tena. Mshahara wa katibu mmoja utakuwa umelipwa na wanakijiji zamani, ila umelipwa kwa bodaboda.

Watakuja wa kusema nafungua mlango kwa vishoka. Hofu hiyo siibezi. Kila mji wenye mahakama una mtu mwenye mkoba na meza ndogo anayeandika hati za madai kwa bei ya maelewano, anajiita mwanasheria, na mteja anagundua siku ya kesi kwamba amepotezwa. Lakini kishoka hustawi mahali pasipo na mtu halali wa ngazi ya chini. Ukimweka katibu aliyefunzwa, mwenye ofisi inayojulikana na mkurugenzi wa kumwajibisha, umemnyang'anya kishoka wateja wake.

Ngazi ya chini iliyo halali tunayo tayari, ingawa tumeiacha ife njaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria: wanasajiliwa, wanatoa elimu, wanamwelekeza mtu kwenye chombo sahihi, wanashauri pande zipatane. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili wala kumtoza mwananchi fedha, na hapo sheria iko sawa kabisa. Morogoro ina historia nzuri katika jambo hili. Morogoro Paralegal Centre ni jina linalofahamika na wanawake wengi waliowahi kudhulumiwa mirathi. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa. Msaidizi wa kisheria hatozi, halmashauri haimlipi, anategemea mfadhili, na mfadhili ana mwisho wa mradi. Ikija Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, watu wanajaa viwanjani na migogoro ya miaka ishirini. Kujaa kule kunasifiwa kwenye taarifa za habari kama mafanikio ya kampeni. Mimi nakusoma kama ripoti ya ukaguzi kuhusu siku zote ambazo kampeni haipo.

Njia nyingine nazitaja kwa haraka, kwa kuwa zenyewe hazina utata, ni kwamba wanafunzi hawaambiwi. Afisa ustawi wa jamii ni mtu wa mahakamani kuliko watu wanavyodhani: chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, shauri la mtoto aliyekinzana na sheria, la malezi, la kuasili, yote yanapita kwenye taarifa anayoiandika yeye. Afisa probesheni, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, huchunguza maisha ya mshtakiwa na kumshauri hakimu kama kijana huyu aende gerezani au afagie soko. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu hivyo kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Na kwenye migogoro ya kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu kiongozi wa chama cha wafanyakazi kumwakilisha mwanachama wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, bila joho wala uwakili. Katika mkoa wenye mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa, hiyo ni kazi ya mtu mzima na familia yake.

Kiswahili nacho kimebadilisha hesabu. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa kinyonga, lakini ule ukuta uliomfanya mhitimu wa maendeleo ya jamii aogope kufungua jalada la kesi umepungua kimo.

Kuna kazi nyingine ambayo haina tangazo kwenye Ajira Portal, nayo ni kuandika. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Polisi walikuwa na kesi ya mauaji. Watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, huyu wa mwisho akiwa mwalimu wa Sokoine, wakachapisha mwaka 2009 uchambuzi uliorudi nyuma hadi kwenye sera zilizomsukuma mfugaji pembeni, malisho ya kiangazi yaliyopotea, na rushwa iliyowafanya watu wasiviamini tena vyombo vya haki. Jalada la polisi haliwezi kubeba mambo hayo. Sheria nzuri ya malisho haiwezi kuandikwa bila hayo.

Na aliyeionyesha nchi jinsi pande hizi mbili zinavyokutana ni mzaliwa wa Kilosa hiyohiyo. Profesa Issa Shivji ni mwanasheria, lakini tume ya ardhi aliyoiongoza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifanya kazi kama wanavyofanya wasomi wa jamii: ilikwenda vijijini, ikakaa, ikasikiliza, ikaandika malalamiko ya watu kwa maneno yao. Serikali haikuyachukua yote iliyoshauriwa, na mabishano kuhusu ilichokiacha hayajaisha. Hata hivyo sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 haziwezi kuelezwa bila tume ile.

Kwa hiyo mzigo wangu nautua kwa vyuo kuliko kwa wanafunzi. Mzumbe yenyewe ilizaliwa mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu na watumishi wao utawala na sheria kwa pamoja, kabla hatujajenga ukuta kati ya vitivo. Haihitaji mapinduzi kumruhusu mwanafunzi wa utawala kuchukua kozi mbili za ardhi na familia kwa wenzake wa sheria. Mazimbu wanaweza kukubaliana na Mzumbe. Ni mwendo wa daladala. Na mafunzo ya vitendo ya kila mwaka, tunayoyaita field, ndiyo mahali rahisi pa kuanzia. Kila msimu vijana hujazana kwenye ofisi zilezile za mjini, wanapanga mafaili, wanatumwa chai, wanagongewa mhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu na kurudi chuoni wakiwa wameona feni ikizunguka. Mkuu wa idara akiandika barua moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla ya Machi, anaweza kuwapeleka wawili wawili kwenye mabaraza ya kata, wamsaidie katibu kuandika mashauri, na waandike ripoti yao juu ya koo, mipaka na mashahidi. Fedha ya field kutoka Bodi ya Mikopo ni ileile, uende mjini au uende Nyandira. Nyandira chumba ni rahisi zaidi, viazi na kabichi viko mlangoni, na blanketi utalihitaji.